Bagamoyo Itazamwavyo Kutoka Ugogo

Mazungumzo yaliyotolewa Majengo, Dodoma, mbele ya walimu na watumishi wa umma



Mtu apitaye jioni katika mitaa ya Majengo huona kwamba zipo bado nyumba za mtindo wa zamani: baraza mbele, mlango katikati, ukumbi uendao moja kwa moja hadi uani, na vyumba vinavyotazamana kulia na kushoto. Nyumba ya namna hiyo si ya asili ya Ugogo. Mgogo alijenga tembe, nyumba ya paa la udongo lililo sawa, iliyouzunguka ua wa ng'ombe. Nyumba ya baraza na ukumbi asili yake ni pwani. Ilipanda bara pamoja na misafara ya wafanyabiashara na wapagazi, na baadaye pamoja na reli, ikajengwa Tabora na Ujiji, ikajengwa Dodoma. Kwa hiyo mkazi wa Majengo aketiye barazani na kikombe chake cha kahawa ameketi juu ya kipande cha pwani, ingawa bahari yenyewe iko mbali naye zaidi ya kilometa 400.

Shabaha ya mazungumzo haya ni kumpeleka mkazi huyo Bagamoyo, mahali ambapo njia iliyoleta mambo hayo bara ilikuwa na mlango wake, na kueleza yapi yafaa kutazamwa katika mji huo na vitongoji vyake, na kwa jicho gani.

Watu wengi wa Dodoma wapatapo likizo na kutamani bahari, safari yao huishia Dar es Salaam. Hufikia kwa ndugu, huenda ufukweni siku ya Jumapili, hula samaki wa kukaanga, hurudi. Hapana ubaya katika hilo. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima anayo haki ya kuchovya miguu majini. La kustaajabisha ni kwamba wapo watumishi walioishi Dar es Salaam miaka mingi, wakahamia Dodoma pamoja na Serikali kuanzia mwaka 2016, na muda wote huo hawakupata kufika Bagamoyo, mji ulio umbali wa kilometa zipatazo 70 tu kutoka walipokuwa wakikaa. Au kama walifika, walifika kwa semina. Semina hufanyika hotelini, na hoteli ya Bagamoyo inafanana na hoteli ya mji mwingine wowote.

Usafiri hauwezi tena kuwa kisingizio kikubwa. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme humtoa abiria Dodoma na kumfikisha Dar es Salaam kwa saa chache, na kutoka hapo barabara ya lami humfikisha Bagamoyo. Msafara wa karne ya 19 ulikuwa na hesabu nyingine kabisa. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni mwendo wa kilometa zipatazo 1,200, na watu waliutembea kwa miguu kwa miezi mingi wakiwa na mizigo. Njia ilipanda hadi Mpwapwa, ikavuka nyika ya Marenga Mkali, ambayo jina lake latangaza ubaya wa maji yake, ikaingia Ugogo, ikatoka upande wa Kilimatinde na kuingia nyika nyingine ya Mgunda Mkali kabla ya kufika Unyanyembe, yaani Tabora. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hiyo katika orodha ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia chini ya UNESCO. Vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mpwapwa imo katika Mkoa wa Dodoma. Kilimatinde iko Manyoni, jirani kabisa. Mwalimu wa Dodoma aendaye Bagamoyo, basi, anaifuata njia iliyopita mlangoni kwake, na ana haki ya kuuliza maswali ya mwenye mali.

Mahali pa kuanzia ni Kaole, kilometa zipatazo tano kusini ya mji. Hapo pana magofu ya misikiti miwili na makaburi ya mawe ya matumbawe, ambayo historia yake yaanzia karne ya 13. Mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, alipafukua mwaka 1958. Baadhi ya makaburi yana nguzo ndefu zilizosimama kichwani mwa kaburi, kama yalivyo makaburi ya miji mingine ya kale ya Waswahili kutoka Lamu hadi Kilwa, na katika nguzo za namna hiyo wenyeji walikuwa wakipachika bakuli za kauri zilizotoka China. Mgeni akitazama vizuri ataona mashimo zilimokuwamo. Kipo kisima cha maji matamu hatua chache kutoka baharini, na upo mbuyu mkubwa uliokwisha kuwa mtu wa makamo kabla Mjerumani hajafika.

Kaole haikubomolewa na adui. Bandari yake ilijaa mchanga na mikoko, majahazi yakashindwa kufika, na watu wakahama kidogo kidogo. Mtu aliyezoea kusikia kwamba historia ya miji ya Afrika huanza na kuisha kwa mkono wa mgeni yampasa asimame pale kwa dakika chache aitazame ile mikoko. Mji uliishi kwa karne kadhaa, ukanunua kauri za China, ukazika watu wake kwa heshima, ukafa kwa tope. Wakati huo hakuna Mzungu hata mmoja aliyekwisha kuandika neno juu ya ziwa Tanganyika.

Kutoka Kaole mgeni huingia Bagamoyo yenyewe. Mji Mkongwe si mkubwa. Hutembelewa kwa miguu nusu siku. Ipo Ngome Kongwe, iliyojengwa kiasi cha mwaka 1860, ambayo ilitumiwa na watu wa Sultani wa Zanzibar na baadaye Wajerumani. Ipo Boma ya Wajerumani ya mwaka 1897, nyumba ya forodha karibu na pwani, na jengo lililokuwa kambi ya misafara. Milango ya kuchongwa ipo, mingine imekwisha kuliwa na chumvi na mchwa. Nyumba kadhaa zimetengenezwa. Nyingine zimebaki kuta tupu, na mbuzi hulala mahali palipokuwa ghala la pembe za ndovu.

Mji huu ulikuwa makao makuu ya kwanza ya utawala wa Wajerumani katika sehemu hii ya Afrika. Mwaka 1891 makao yalihamishiwa Dar es Salaam, kwa sababu pwani ya Bagamoyo ni ya maji mafupi: jahazi laweza kupweleza mchangani, meli kubwa haiwezi. Kisha ikaja reli. Ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Yaani reli iliyoiumba Dodoma ndiyo iliyoiua Bagamoyo. Watu wa miji hii miwili hawajui kwamba wana deni hilo kati yao, na mtumishi aliyeshuhudia ofisi yake ikihamishwa kutoka mji mmoja hadi mwingine ataelewa upesi kuliko wengine hali ya mji unaoachwa.

Sasa jina. Karibu kila mgeni huambiwa kwamba Bagamoyo ni "bwaga moyo", na kwamba mtumwa aliyefikishwa hapo aliuacha moyo wake, kwa kuwa mbele yake ilikuwa bahari na asingerudi tena kwao. Maelezo hayo huwatoa watu machozi, nayo yamechapwa katika vijitabu vingi. Lakini yapo maelezo mengine ya neno lilo hilo: kwamba mpagazi aliyetoka bara akiwa na pembe begani, baada ya miezi ya nyika, kiu na homa, akiiona bahari aliutua mzigo na kuubwaga moyo, yaani alipumzika. Wanahistoria waliochunguza misafara wanaelekea zaidi upande huu wa pili. Watu wengi mno waliofika Bagamoyo katika nusu ya pili ya karne ya 19 walikuwa wapagazi, Wanyamwezi kwa wingi wao, waliofanya kazi kwa ujira na kurudi kwao na nguo, shanga na chumvi. Na bandari kubwa ya kuuzia watumwa katika pwani hii ilikuwa Kilwa. Hayo hayafuti utumwa wa Bagamoyo. Watumwa walipita hapo, watumwa walilima mashamba ya wenye mji, na mkataba wa mwaka 1873 uliopiga marufuku biashara yao baharini haukuimaliza biashara hiyo siku moja. Kinachotakiwa ni kwamba mwalimu amweleze mwanafunzi mambo yote mawili. Akifundisha mnyororo peke yake, mtoto wa Tabora atarudi nyumbani akidhani kwamba babu yake hakuwa na lolote ila kufungwa, kumbe pengine babu huyo alikuwa mfanyakazi aliyejua kudai ujira wake na aliyegoma asipolipwa.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani kilo zaidi ya 30, mbali na sufuria yake, mkeka wake na silaha yake. Kwenda bara alibeba nguo za merikani na kaniki, shanga, na nyaya za shaba. Kurudi alibeba pembe. Mbele alikwenda kirangozi mwenye bendera, na ngoma ikipigwa. Wapagazi walikuwa na utani wao, nyimbo zao na kanuni zao za kambi. Maneno hayo yote, merikani, kirangozi, frasila, yamo katika kamusi, nayo yangetosha kufundishia vipindi kadhaa bila kitabu kingine.

Liko neno moja linalowahusu zaidi watu waliokusanyika hapa. Neno hilo ni hongo.

Leo kila mtumishi wa umma analijua neno hongo kwa maana ya rushwa, na hufundishwa kulikimbia. Katika zama za misafara hongo ilikuwa ushuru. Msafara uliopita katika nchi ya mtemi ulitoa nguo, shanga na waya ili upewe ruhusa ya kupita, kununua chakula na, zaidi ya yote, kunywa maji. Hakuna mahali katika njia nzima ambapo hongo ilitozwa kwa ukali na kwa mpango kama Ugogo. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Speke akarudi na Grant mwaka 1860, Stanley akapita mwaka 1871, na kila mmoja wao aliandika akilalamika: Wagogo ni wakorofi, Wagogo ni wachoyo, Wagogo wanawanyang'anya wasafiri. Vitabu hivyo vilisomwa sana Ulaya, na sifa hiyo mbaya ikawaganda watu wa Ugogo kwa miaka mingi.

Haifai kuyapokea malalamiko hayo bila kuyapima. Dodoma ni nchi ya ukame. Hilo halihitaji ushahidi mbele ya watu wanaochota maji Dodoma. Nyuma ya msafara ilikuwako Marenga Mkali, mbele yake ilikuwako Mgunda Mkali, na katikati walikaa watu waliochimba visima kwa mikono yao na kulima mtama na uwele kwa mvua chache. Msafara mmoja waweza kuwa na mamia ya watu. Wakija wageni mia tano kisimani wakati wa kiangazi, wakanywa, wakaondoka, mwenye kisima atawanywesha nini ng'ombe wake kesho? Mtemi aliyedai nguo kabla ya kufungua kisima alikuwa akifanya kazi ambayo leo hufanywa na mamlaka ya maji pamoja na mamlaka ya mapato. Ni kweli kwamba wengine walizidisha, na kwamba palikuwa na siku za msafara kuzuiliwa kambini kwa ugomvi wa doti mbili tatu za nguo. Ugomvi wa kodi haukuanza juzi. Lakini msafiri aliyetoka Ulaya hakuuita ushuru wa forodha wa Bagamoyo wizi. Aliulipa akanyamaza, kwa kuwa ulitozwa na watu wa Sultani mbele ya meza. Wa Ugogo ulitozwa chini ya mbuyu, akauita wizi.

Ndiyo sababu mgeni kutoka Dodoma, asimamapo katika kambi ya misafara ya Bagamoyo akaonyeshwa picha za wasafiri wa Kizungu, yampasa aulize: mbona haukutajwa ule mwendo wa majuma kadhaa wa katikati ya njia? Ugogo uko wapi katika maelezo haya? Aulize kwa adabu, kwa sababu waongozaji wa pale ni watu wanaofanya kazi yao kwa bidii na kwa malipo madogo, lakini aulize.

Katika misheni ya Wakatoliki, upande wa kaskazini wa mji, swali hilo hilo hurudi kwa sura nyingine. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakajenga kanisa na kijiji cha watumwa waliokombolewa. Makumbusho yao yamepangwa vizuri na mtu aweza kukaa humo saa mbili bila kuchoka. Nje upo mbuyu uliopandwa zamani za waanzilishi, na shinani mwake mna kipande cha mnyororo kilichomezwa na mti. Mgeni mwenye haraka hudhani mara moja kwamba mnyororo ule ni wa watumwa. Inasimuliwa kwamba ulikuwa wa kumfungia punda wa mama mmoja wa Kifaransa. Yafaa wanafunzi waonyeshwe mnyororo huo kabla hawajaambiwa habari yake, kisha waulizwe wanafikiri nini. Somo zima la namna ya kutumia ushahidi limo mle.

Karibu na hapo pana mnara wa kanisa la zamani. Tarehe 24 Februari 1874 maiti ya David Livingstone ililazwa humo kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar na Uingereza. Mgeni huonyeshwa mlango ilimopitishwa. Livingstone alikufa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwaka 1873. Nani aliyemleta? Walikuwa Waafrika, wakiongozwa na Chuma na Susi, walioamua wenyewe, bila kuamriwa na Mzungu yeyote, kuutoa moyo na kuuzika chini ya mti, kuukausha mwili, na kuubeba kwa muda wa miezi tisa hivi hadi baharini. Walipougua walipumzika, walipozuiliwa walitafuta njia nyingine, wenzao kadhaa walikufa njiani. Walipofika pwani walilipwa ujira wao wakaachwa. Mmoja wao tu, Jacob Wainwright, ndiye aliyehudhuria mazishi katika kanisa la Westminster huko London mwezi Aprili mwaka huo. Chuma na Susi walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha. Katika shule nyingi mtoto hujua jina la maiti na hajui majina ya wabebaji. Kasoro hiyo haihitaji fedha za kigeni kuirekebisha. Inahitaji chaki.

Kisha ipo habari ya vita. Mwaka 1888 Kampuni ya Wajerumani ilipotwaa forodha za pwani na kupandisha bendera yake, watu waliasi kutoka Tanga hadi kusini. Abushiri bin Salim aliongoza sehemu ya Pangani na Bagamoyo, na Bwana Heri akaongoza Saadani. Bagamoyo ilipigwa mizinga kutoka baharini. Mwezi Mei 1889 Hermann von Wissmann aliivunja ngome ya Abushiri karibu na mji. Abushiri hakukimbilia baharini. Alikimbilia bara, akafuata njia ya misafara hadi Mpwapwa, na mwezi Juni akakishambulia na kukiteketeza kituo cha Wajerumani kilichokuwa huko. Miezi michache baadaye alikamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Ni vema mwalimu aseme pia kwamba Abushiri alikuwa na shamba la miwa na watumwa wa kulilima. Mtu aweza kupigana na mkoloni huku yeye mwenyewe akimiliki watu. Wanafunzi wa sekondari wanao uwezo wa kulibeba jambo hilo kichwani. Wanaoshindwa mara nyingi ni wakubwa.

Bagamoyo mgeni huonyeshwa makaburi ya Wajerumani, yenye majina na tarehe, na mahali palipokuwa pa kunyongea watu. Waliozikwa makaburini wanahesabika. Walionyongwa hawana orodha ukutani.

Baada ya mambo hayo mazito ni vema msafiri akaenda kusikiliza ngoma. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na sasa kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Kila mwaka hufanyika hapo tamasha la sanaa ambalo wananchi wa kawaida huhudhuria kwa wingi, watoto wakiwa wamekaa mchangani mbele kabisa. Hapa ndipo mtu wa Dodoma atakapokutana na ndugu yake. Hukwe Zawose, Mgogo aliyezaliwa katika kijiji cha mkoa huu, aliitwa na Mwalimu Nyerere katika miaka ya 1960 ajiunge na sanaa za taifa, na baadaye akafanya makao Bagamoyo, akafundisha chuoni hapo hadi alipofariki mwishoni mwa mwaka 2003. Alipiga ilimba na zeze, na aliimba kwa sauti nene na nyembamba kwa zamu kana kwamba kifuani mwake walikaa watu wawili. Santuri zake zilitolewa Uingereza na jina lake likajulikana Ulaya, Japani na Marekani. Jamaa zake waliendelea kupiga ala hizo Bagamoyo baada yake.

Mtu huyu aliifuata njia ya misafara kutoka Ugogo hadi pwani, akiwa amebeba kitu ambacho hakikuwa pembe wala nguo. Pale pwani vijana wa Kizaramo, wa Kikwere, na wa makabila mengi mengine walijifunza kutoka kwake miziki ya nchi kavu ya Ugogo. Hapa Dodoma kwenyewe, ni shule ngapi ambazo zina ilimba moja katika stoo yake? Swali hilo laweza kujibiwa na walimu waliomo humu wakitazamana.

Mwenye siku ya ziada aende Saadani, kaskazini ya Bagamoyo ng'ambo ya Mto Wami. Ilikuwa mbuga ya wanyama tangu miaka ya 1960, ikatangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ni mahali pa nadra ambapo tembo huweza kukaribia mchanga wa Bahari ya Hindi, viboko na mamba wakiwa mtoni, na kasa wakija kutaga mayai katika ufuko wa Madete. Kijiji cha Saadani ndicho kile cha Bwana Heri, kwa hiyo mwanafunzi atapata somo la elimu ya viumbe na la historia kwa nauli moja. Na asiyeweza kufika huko asubiri mchana katika soko la samaki la Bagamoyo, wakati ngalawa na mashua zinaporudi. Mnada hupigwa mchangani kwa sauti kubwa na kwa hesabu za kasi ambazo zingemtoa jasho mkaguzi wa fedha.

Huenda mtu akasema kwamba mambo ya kutembelea magofu na hifadhi ni anasa ya wageni. Hoja hiyo si mpya wala si ya kudharauliwa. Mwaka 1970 Umoja wa Vijana wa TANU uliuliza hadharani kama utalii unaafikiana na siasa ya ujamaa, na mjadala mkali ukaendeshwa katika gazeti la The Standard. Makala zake Issa Shivji alizikusanya katika kitabu kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1973. Waliopinga walihofu taifa la wahudumu na wacheza ngoma wa hotelini, linalojipamba ili lipendeze machoni mwa mwenye fedha za kigeni. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, na hata sasa haijakwisha msingi. Lakini mgeni wa kigeni huelezwa yale anayotaka kuyasikia. Ikiwa wanaofika Bagamoyo ni wageni watupu, maelezo ya Bagamoyo yatakuwa ya Livingstone, Stanley na mnyororo, kwa kuwa hayo ndiyo aliyokuja nayo mgeni kichwani. Maelezo hubadilika anapokuja msikilizaji mwingine. Darasa moja kutoka Dodoma, lenye watoto arobaini wanaouliza habari za hongo, laweza kumfanya mwongozaji asome tena.

Gharama ipo, na mshahara wa mwalimu unajulikana. Safari ya darasa zima yahitaji mchango wa wazazi, barua ya ruhusa, mahali pa kulala na mwalimu mwenye moyo. Pasipo na uwezo wa kufika baharini mwaka huu, nusu ya safari yaweza kufanywa kwa nauli ya basi la asubuhi. Mpwapwa iko karibu. Walimu wengi nchini wamepitia chuo cha ualimu cha Mpwapwa. Wamekaa hapo miaka, wamepanda vilima vyake, na pengine hawakuambiwa kwamba misafara ilipiga kambi hapo kwa sababu ya maji yake, au kwamba Abushiri alifika hapo na bunduki. Kilimatinde nayo ina boma ya Wajerumani juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, mahali ambapo jicho huona mbali sana. Kati ya vituo sita vya ile orodha ya mwaka 2006, hivi viwili ni miongoni mwa visivyo na wageni wa kutosha, na waliovikaribia zaidi ni watu wa Dodoma na Singida.

Kwa hiyo mpango unaofaa ni huu. Wanafunzi waanzie Mpwapwa, siku moja. Waulize wazee wa hapo visima vya zamani vilikuwa wapi na nani alivimiliki, na waandike majina ya mahali kama yanavyotamkwa na wenyeji, si kama yalivyoandikwa na wasafiri. Mwaka unaofuata, au likizo inayofuata, waende Bagamoyo wakiwa na daftari hizo mkononi: Kaole asubuhi, kabla jua halijawa kali, kisha kambi ya misafara, kisha misheni, na chuo cha sanaa jioni. Maswali yaliyopatikana Mpwapwa yaulizwe Bagamoyo, na majibu yarudishwe Mpwapwa kwa wale wazee waliosaidia, wakingali hai.